Vusha, sokota, vusha: jibu kwa akina mama wa Nkuhungu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Sisi ni akina mama tisa wa Nkuhungu hapa Dodoma, na kila Jumamosi jioni tunakutana kufuma vitambaa vya makochi na vya meza kwa kroshia. Mwezi uliopita mwenzetu alipata kwenye mitumba ya Sabasaba kitambaa cheupe cha meza chenye pindo la lesi. Nimekutumia picha. Tumejaribu kuliiga kwa kroshia, tumeshindwa. Hatuoni uzi unapoanzia wala kitanzi hata kimoja. Binti yangu anasema lesi hii husukwa kwa vijiti vingi juu ya mto, na kwamba Ulaya watu hukutana kuisuka kwa kupenda tu, hawauzi. Ni kweli? Tunaweza kuifanya hapa, na vifaa tutavipata wapi? Wenzangu nao wanauliza: ina faida gani kazi ya miezi mitatu usiyoiuza?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na mbukwenyi nyote. Picha niliiangalia usiku kwa kioo cha kukuzia, kisha nikairudia asubuhi kwenye mwanga wa dirishani. Binti yako amesema kweli. Pindo hilo halikufumwa kwa kroshia. Limesukwa kwa vijiti, na aina yake huitwa toshoni, neno la Kifaransa ambalo maana yake ni kitambaa cha kufutia vyombo. Msilidharau kwa jina hilo. Ilikuwa lesi ya watu wa kawaida, imara, ya kufuliwa na kupigwa pasi mara kwa mara, na ndiyo sababu imefika Sabasaba ikiwa nzima.

Angalieni zile almasi za katikati. Ndani ya kila almasi kuna kiwiliwili kidogo kinene, na miguu imetawanyika pande zake. Huyo anaitwa buibui, na wasukaji wa nchi nyingi humwita hivyohivyo, kila mmoja kwa lugha yake. Ukingoni kuna umbo la upepeo linalojirudia. Mkisogeza jicho kwenye upepeo mtaona nyuzi zinapishana, moja juu moja chini, kama kwenye shuka. Kroshia haitoi sura hiyo. Kroshia ni uzi mmoja unaopita ndani ya kitanzi chake wenyewe. Ukiuachia mwisho wake na kuuvuta, kazi yote inafumuka hadi mwanzo. Hapa hakuna vitanzi. Kuna nyuzi nyingi, na kila uzi unasafiri na njia yake.

Kilichonichukua muda ni kujua kama ni kazi ya mkono au ya mashine. Zipo mashine, zilizopewa jina la mji wa Barmen huko Ujerumani, ambazo husuka toshoni kwa namna inayowababaisha hata wazoefu. Mimi huangalia kona kwanza. Mashine inasuka pindo lililonyooka, mita kwa mita, haijui kugeuka; fundi akifika konani hulikata na kuliunga, au hulikunja na kulishona. Kwenye kitambaa chenu nyuzi zenyewe zinageuka: buibui wa konani amesimama kwa mshazari, miguu mitatu upande mmoja na mitatu upande wa pili, na hakuna mshono. Halafu kwenye upepeo wa tatu kutoka kona ya kushoto kuna kosa. Mtu alisahau kusokota mara moja, nyuzi zikaachana, kukabaki kitundu kikubwa kuliko vingine, naye hakukiona mpaka alipokwisha kupita. Mashine ikiharibika hurudia kosa lilelile kila mzunguko. Kosa hili liko mara moja tu kwenye picha nzima. Nililifurahia kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu hapo ndipo nilipomwona mtu.

Nimehesabu nyuzi zinazoingia kwenye sehemu nyembamba ya pindo na kupata jozi 16, yaani vijiti 32. Si nyingi.

Sasa, kwa nini mmeshindwa kuiga. Si kwa uhaba wa ufundi. Lugha yetu yenyewe inawapa jibu: vitambaa mnafuma, lakini lesi hii inasukwa. Ndugu zake ni ukili wa mkeka na nywele za kichwani. Anayejua kusuka ukili amekwisha kujua jambo kubwa kuliko yote katika lesi ya vijiti, kwamba hakuna fundo linaloshika kazi. Kinachoishika ni nyuzi kupishana kwa zamu, na ukikosea zamu hapa, aibu itaonekana vidole vitatu mbele. Katika ninyi tisa lazima yupo msusi wa nywele. Mpeni yeye kiti cha mbele, hata kama kwa kroshia yeye ndiye wa mwisho.

Jaribuni hivi jioni hii, bila mto wala vijiti. Kateni nyuzi nne nene, mzifunge pamoja kwenye kitasa cha mlango, mzipange upande kwa upande. Hesabuni nafasi kutoka kushoto: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mnahesabu nafasi, si nyuzi. Uzi ukihama unachukua jina la mahali ulipofika. Kazi hii yote ina hatua mbili tu. Ya kwanza naiita kuvusha: uzi wa nafasi ya pili unapita juu ya ule wa tatu. Ya pili ni kusokota: wa pili unapita juu ya wa kwanza, na papo hapo wa nne unapita juu ya wa tatu. Kuvusha siku zote ni wa kushoto juu ya wa kulia. Kusokota siku zote ni wa kulia juu ya wa kushoto. Mkienda vusha, sokota, vusha, sokota, bila kuacha, utatoka msuko wa nyuzi nne ambao msusi wenu atautambua kabla hamjafika urefu wa kidole.

Nawaomba mniamini hapa, maana wanafunzi wangu wengi hawakuniamini mpaka walipoona kwa macho yao: kuanzia pindo hili la Sabasaba hadi lesi za jozi mamia zilizovaliwa na wafalme, hatua ni hizohizo mbili. Kinachobadilika ni mpangilio. Vusha-sokota peke yake, ukiweka pini na kurudia, inatoa wavu mwepesi. Ndio uwanja ulio nyuma ya buibui wenu. Vusha-sokota-vusha inatoa mfumo mzito kama wa shuka: jozi moja inakuwa msafiri, inakata kwenda kulia na kurudi kushoto, na nyingine zinakaa zimening'inia chini zikipitwa. Kiwiliwili cha buibui nacho kinasukwa kwa vusha-sokota-vusha. Miguu yake ni jozi zilizosokotwa mara mbili tatu kabla ya kuingia, ili zionekane nyembamba na ngumu. Kila mahali jozi mbili zinapokutana na kugeuka, panachomekwa pini kwenye mto, na pini ndiyo inayolinda umbo mpaka nyuzi za mbele zizoee kukaa. Baadaye pini za nyuma hung'olewa na kuhamishiwa mbele.

Mchoro unaoonyesha pini zikae wapi hutobolewa kwenye karatasi ngumu. Toshoni ina upole wa pekee kwa mwanafunzi, kwa sababu vitobo vyake hukaa kwenye mstari wa mshazari wa digrii 45. Karatasi ya grafu ya daftari la hisabati la sekondari inatosha kabisa. Weka nukta kwenye makutano, ruka moja, weka nyingine, na mstari unaofuata uanze kwenye lile uliloruka. Bandika grafu juu ya manila, toboa kwa sindano iliyochomekwa kwenye kizibo, na mchoro wako uko tayari. Lesi nyingine zinamtaka msukaji anunue mchoro au aurithi. Hii unaweza kuitunga mwenyewe mezani, kwa penseli, siku ya kwanza.

Kuhusu vifaa: vyote vipo hapa Dodoma, isipokuwa kitani, ambacho nitakieleza.

Mto wa kwanza niliojitengenezea niliujaza pumba za mpunga kutoka Bahi. Sikuzikausha vizuri, mvua za Januari zilipokolea mto ukafanya ukungu, ukanuka, nikautupa pamoja na pindo lililofika nusu. Tangu hapo natumia unga wa mbao kutoka kwa maseremala, nimeuanika juani siku nne tano, nimeuchekecha vipande vikubwa vikatoka. Shonea mfuko wa duara, mpana kama ungo mdogo, ujaze, ushindilie, fungua tena, ongeza, shindilia. Ukidhani umejaa, bado. Mto uko tayari pale pini inaposimama wima bila kuyumba hata nyuzi za jozi zikivutwa. Asiye na subira anaweza kuanza na kipande cha ile povu nyeupe ngumu inayozunguka televisheni mpya ndani ya boksi lake. Haidumu, lakini inatosha kujifunzia. Juu yake vaa kaniki. Nasema kaniki kwa makusudi. Kanga na kitenge vinapendeza, lakini maua yake yatapigana na uzi mweupe na macho yatachoka ndani ya nusu saa, wakati kwenye weusi wa kaniki kila uzi unaonekana.

Vijiti vya kuanzia ni vijiti vya mishikaki, vile vinene. Kata ncha kali, bakiza urefu wa kidole cha kati na nusu, chonga mfereji mwembamba karibu na kichwa ili kitanzi cha kuzuia uzi kishike hapo. Uzi mmoja huzungushiwa vijiti viwili, mwanzo wake kimoja na mwisho wake kingine. Ndiyo maana tunahesabu kwa jozi. Kijiti cha mshikaki ni chepesi mno, uzi hautanyooka. Tundikeni shanga mkiani. Si ubunifu wangu huo. Wasukaji wa majimbo ya kati ya Uingereza walikuwa na vijiti vyembamba vya mti na mfupa, na kwa sababu ni vyembamba walivitia mkiani pete ya waya yenye shanga, ili vipate uzito na visibiringike juu ya mto wa kusukia. Kule Ubelgiji hawakuhitaji shanga, vijiti vyao vina tumbo la duara chini. Ninyi mko kwenye nchi ya Wagogo, shanga hamtazikosa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hamtawaelewa hao watu wa Ulaya msipoelewa mapenzi yao kwa vijiti. Vile vya Uingereza vya karne ya 18 na 19 vilichongwa majina na maneno kwa vitone vidogo vya rangi: jina la mchumba, jina la mtoto aliyezaliwa, siku ya ndoa, neno la mapenzi ambalo kijana aliona haya kulitamka. Mwanamke alikuwa akikaa kazini na jamaa zake wote mkononi. Wasukaji wa leo wanaendeleza hilo bila kulazimishwa na mtu. Huagiza vijiti kwa siku za kuzaliwa, hubadilishana wanapoagana, huweka kando kijiti cha rafiki aliyefariki au hukisukia kazi moja ya mwisho. Msukaji mwenye pindo la jozi 16 anaweza kuwa na vijiti mia mbili kabatini. Nimewahi kusikia watu wakilicheka jambo hili, nami silicheki. Mtawa Mbelgiji aliyenifundisha miaka ya themanini aliniachia vijiti 24 alipokuwa akirudi kwao kuzeeka. Vimelainika kwa vidole vyake kabla ya vyangu, na kila nikivifungua nakumbuka namna alivyokuwa akinipiga kofi dogo la mkono nikisokota upande usio wake.

Na mjue kuwa mti unaotamaniwa sana na wakerezaji wa vijiti huko ni mpingo. Ni mti wetu, uleule wa klarineti, mzito kiasi cha kuzama majini, hauhitaji shanga wala rangi. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo na jamaa zake iko chini ya usimamizi wa mkataba wa viumbe vilivyo hatarini, na ni sawa iwe hivyo. Lakini kijiti kimoja cha lesi hakizidi unene wa penseli. Mabaki anayofagia mchongaji wa vinyago jioni yanatosha vijiti vya kikundi kizima. Tafuteni fundi anayekereza miguu ya vitanda, mpelekeeni mabaki hayo na sampuli moja. Mtashangaa atakavyoipenda kazi hiyo.

Pini ni zile za fundi cherehani, ila chagueni za shaba njano au zisizoshika kutu. Pindo linaweza kukaa kwenye pini wiki nzima, na jasho la mkono likikutana na chuma, alama ya kutu kwenye uzi mweupe haitoki.

Uzi anzieni wa pamba wa kufumia, ule mnaoujua, namba 20. Kumbukeni namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba. Vuteni nyuzi mkitaka kuupima: upepeo ukitoka kama chekeche, uzi ni mwembamba kwa mchoro wenu, ukitoka umebanana na kuinuka, ni mnene. Nailoni kwa mwanzo iacheni. Inateleza, haikai pale pini ilipoiweka, na pindo likitolewa kwenye mto linajikunja kama jani lililokauka.

Kitani, yaani uzi wa mmea wa kitani wa nchi za baridi, ndicho kilichosukiwa lesi nzuri za kale, na nadhani kitambaa chenu ni kitani. Kiguseni: kikiwa baridi vidoleni kuliko shuka la pamba, na kikinyonya tone la maji mara moja, basi huenda ndicho. Nilikiagiza mara moja. Kikanifundisha kitu kuhusu mji wetu. Kitani ni imara kikiwa na unyevu na kinakatika kikiwa kikavu. Wasokotaji wa nyuzi nyembamba kabisa kule Flanders, Ubelgiji, walifanya kazi kwenye vyumba vya chini vyenye unyevu kwa sababu hiyo. Mimi nilikiweka kwenye mto wa kusukia mwezi Agosti, hapa Dodoma, upepo ukivuma vumbi la Agosti mnalolijua. Kilikatika mara saba kwa jioni moja. Kama mtakipata, kisukeni kati ya Desemba na Aprili, au wekeni kitambaa chenye maji pembeni ya vijiti. Pamba nayo inapenda unyevu, lakini haina nongwa.

Swali la faida.

Sitaki kulipita haraka, kwa sababu wenzako wameuliza kwa haki. Mama anayekaa na uzi jioni ameacha kitu kingine. Na historia yenyewe iko upande wao kuliko wanavyojua. Kitabu cha michoro ya lesi ya vijiti kilichapwa Venice mwaka 1557, kingine kikachapwa Zurich mwaka 1561, nacho kinaeleza kuwa ufundi huo ulikuwa umefika mjini humo kutoka Venice miaka kama 25 nyuma. Kutoka hapo, kwa karne tatu, lesi ilivaliwa na matajiri na kusukwa na maskini. Katika vijiji vya Uingereza watoto wa miaka mitano na sita walipelekwa kwenye shule za lesi, wakaketishwa mbele ya mito kutwa nzima, wakiimba nyimbo za kuhesabia pini ili mkono usizubae. Usiku walikaa kuzunguka mshumaa mmoja, mwanga wake ukipitishwa kwenye chupa za maji ili umfikie kila mmoja. Hiyo ilikuwa lesi ya kuuza. Macho ya watu yaliishia humo.

Mwaka 1808 na 1809 Mwingereza John Heathcoat alipata hataza, yaani haki za mvumbuzi, za mashine ya kusuka wavu wa lesi. Mwaka 1816 wavunja mashine walikivamia kiwanda chake cha Loughborough na kuviharibu vyombo vyake, naye akahamia Tiverton. Mashine hazikurudi nyuma. Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1840 alichagua lesi ya mkono ya mji wa Honiton ili wasukaji wa jimbo lake la Devon wapate kazi, na kazi waliipata kwa muda, lakini hakuna malkia anayeweza kuolewa kila mwezi. Kabla ya karne kwisha, mita ya mashine ilikuwa imeiua mita ya mkono sokoni. Hata hizo lesi mnazoziona madukani hapa mjini, za kushonea magauni ya harusi, nyingi ni tarizi ya mashine iliyopigwa juu ya kitambaa ambacho baadaye huyeyushwa, nyuzi zikabaki peke yake. Ni nzuri. Si jamaa wa kitambaa chenu.

Kwa hiyo aliyebaki na mto baada ya hapo alibaki kwa sababu nyingine. Wamarekani walianzisha chama chao mwaka 1953, Waingereza wakaanzisha chao 1976, na mwaka 1982 kikaundwa chama cha kimataifa ambacho hufanya mkutano mkuu kila baada ya miaka miwili, nchi kwa nchi. Idrija huko Slovenia, mji wa wachimba zebaki ambako wake zao walisuka kuongezea mkate, shule ya lesi iliyofunguliwa 1876 bado inafundisha watoto, na mwaka 2018 UNESCO iliuandikisha ufundi wa Slovenia kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Ukikaa na watu hawa hawaongelei bei. Wanaongelea buibui: wa miguu mitatu au minne, usokote mara mbili au tatu. Wanapokezana mchoro wa 1557 kama sisi tunavyopokezana mbegu. Mmoja akiokota kipande cha lesi kuukuu, wengine huacha vijiti vyao na kuinama wote juu ya kioo cha kukuzia, wakibishana ilianzia upande gani. Mlichofanya ninyi tisa juu ya kitambaa cha Sabasaba, kabla hamjaniandikia, ndicho hichohicho.

Ushauri wangu ni huu, na ni ushauri wa mtu aliyejaribu kinyume chake. Vitambaa vya kroshia endeleeni kuviuza. Vina wateja, vinalipa ada. Lesi ya vijiti msiitie kwenye hesabu ya kikundi. Mimi nilipokea oda moja ya pindo la mita mbili, nikataja bei ambayo mteja aliona ni kubwa na mimi niliona ni hasara, na kila jioni nilikaa mbele ya mto wa lesi nikiwa na hasira. Kazi ikaharibika. Pindo la pili lililokuwa na mchoro uleule nilimsukia mjukuu wangu shuka la kubatiziwa, sikumbuki hata ilichukua wiki ngapi. Pwani, mama anayeshona kofia ya bulibuli, vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi mmoja baada ya mwingine, huuza kofia nyingi maishani, lakini ipo moja haiuzwi, ya mume au ya mwanawe, na hiyo ndiyo utaona vitundu vyake vimekaa sawa kuliko vyote. Lesi yenu iwe ile moja. Leso ya bibi harusi, kola ya gauni la Krismasi, pindo la kitambaa cha altare, zawadi ya kicheni pati kwa binti mnayempenda kweli.

Kuna jambo nimelibeba miaka mingi na sijapata wa kulifanya naye. Kwenye kisiwa cha Hvar, Kroatia, watawa Wabenedikto wanasuka lesi kwa nyuzi wanazozitoa ndani ya jani bichi la agave, nyembamba, nyeupe, wanazitandaza wavu juu ya karatasi ngumu. UNESCO iliandikisha ufundi wa lesi wa Kroatia mwaka 2009. Agave! Mkonge wetu ni agave. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, ikafika miche 62 tu ikiwa hai, na leo upo hata kwenye nyua za vijijini hapa kwetu. Nyuzi za mkonge ni nene kuliko zile za Hvar, najua, na mmea wao si huu wetu kabisa. Lakini nimeparua jani changa kwa kisu butu na kupata ndani yake nyuzi chache ambazo zilinipa matumaini. Zilikatika kwenye kuvusha. Labda zingelowekwa. Labda jani la upande wa kivulini. Mkiwa tisa, kila mmoja na jani lake, tutajua mengi kwa Jumamosi moja kuliko niliyojua peke yangu kwa miaka kumi.

Kitambaa chenu, kabla sijasahau: msikikate kugawana pindo, na msikitie dawa ya kung'arisha nguo. Kilowekeni usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya mche, msikisugue, msikikamue. Kikunjeni ndani ya taulo. Kikaukie kivulini kikiwa kimetandazwa juu ya shuka, lesi imevutwa kwa pini upepeo mmoja mmoja, zisizoshika kutu. Lile kosa la upepeo wa tatu msilishone.

Wasukaji wa Uingereza ya kati walikuwa na sikukuu yao tarehe 25 Novemba, siku ya Mtakatifu Katerina, wakiacha mito na kula keki. Kwetu tarehe hiyo vumbi linakaribia kutulia na mvua hazijashika barabara za Nkuhungu. Nitakuja Jumamosi iliyo karibu nayo, na vijiti vya mtawa, jozi 12. Tafuteni unga wa mbao ndoo mbili na kaniki dhiraa nne. Na msusi wenu asinikose.